Hati ya Likoni, Mnazi wa Ngamiani

Kwanza naomba mnistahimilie. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyesoma mpaka darasa la nane, na sasa vidole navyo vimeanza kukakamaa. Mkiona herufi imeruka, au neno limekatwa mahali pasipofaa, msidhani ni dharau. Mjukuu wangu alitaka nimsimulie, yeye aandike upesi kwenye mashine yake, nikakataa. Nikiandika mwenyewe polepole ndipo mambo yanaponijia kwa zamu yake. Ukurasa huu wa kwanza nimeuanza jana alasiri na bado sijaumaliza.

Kilichonikalisha hapa ni simu kutoka Tanga. Binamu yangu Saumu, anayekaa katika nyumba ya marehemu Bibi kule Ngamiani, alinipigia wiki iliyopita, na kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba akaniambia kuwa mnazi wangu umeanguka. Hata upepo haukuwa mkali, akasema. Umelala tu uani, umeukosa ukuta wa choo kwa hatua moja, na watoto wa jirani wanaukalia kama benchi. Nikamwambia basi, ndiyo umri. Kisha nikaweka simu, nikarudi jikoni, nikaiacha birika ya chai ikachemka mpaka ikakauka. Mtu mwingine angeniona nimepungukiwa na akili, kuulilia mti ambao kwa miaka mingi nimekuwa nikiuona mara moja kwa mwaka, na miaka mingine nisiuone kabisa. Lakini mnazi ule ndio ulionitia katika kazi ya ukunga, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nitaeleza vipi.

Mwaka ninaousema ni ule mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru wake. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa kwanza katika nyumba yetu ya Likoni, na nilikuwa na haya hata ya kuitikia nikiitwa barabarani. Shule nilikwishamaliza. Kazi yangu ilikuwa kupika, kufua, na kusoma chupa. Hiyo ya kusoma chupa haikuwa kazi ya kulipwa, ilizuka tu. Mama mmoja jirani alirudi hospitali na chupa ya dawa ya mtoto wake, karatasi imebandikwa ubavuni, hajui imeandikwa nini. Akaja kwetu. Nikaichukua, nikasogea mlangoni kwenye mwanga, nikaisoma neno kwa neno, nikarudi mwanzo, nikaisoma tena. Yeye alikuwa akinitazama mdomo. Nilipomwambia kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya kula, alinibusu mkono, mimi mtoto mdogo. Baada ya hapo wakawa wanakuja karibu kila wiki, na nikaona kuwa wananipenda kwa sababu ile ile walimu waliyonikaripia. Shuleni nilikuwa wa mwisho kumaliza kusoma ukurasa. Pale mlangoni, kina mama walisema afadhali huyu, hana pupa.

Aliyetia wazo la Tanga kichwani mwangu ni Mwalimu Agnes, Mtaita, mwalimu wangu wa zamani, aliyekuwa akipanga chumba karibu na shule. Nilimpelekea mbaazi za nazi alizotumiwa na Mama, akanikaribisha ndani. Chumba chake nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolala mimi mwenyewe: kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, saa ya mezani inayopiga kelele, na ukutani gazeti lililokunjwa likining'inia kwenye msumari. Akalishusha gazeti, akanionyesha. Chuo cha wauguzi na wakunga mjini Tanga kilikuwa kinapokea wasichana wa darasa la nane. Chuo cha kwetu nilikwishakiandikia, wakajibu kuwa wanataka masomo zaidi ya hayo. Lakini cha Tanga kilikuwa na sharti lake. Wanaotoka nje ya Tanganyika wangefikiriwa tu ikiwa wana jambo linalowafunga na nchi ile, kwa kuzaliwa au kwa wazazi. Mwalimu Agnes akauliza kama nina jamaa huko. Nikasema mama yangu ni wa Tanga, na mimi mwenyewe nilizaliwa huko. Akaweka bakuli la mbaazi chini. "Mwanamisi," akasema, "muda wote huu umekaa kimya na jambo kama hilo?" Nikamjibu kuwa hakuna aliyeniuliza.

Na kweli lilikuwa si jambo la kuulizwa. Kwetu sisi mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwao. Mama alipokuwa na mimba yangu alirudishwa kwa mama yake Ngamiani mwezi wa saba, akajifungua huko, akakaa arubaini yake, kisha akaletwa Likoni pamoja nami. Kila mtoto wa kwanza mtaani kwetu alizaliwa namna hiyo, kwa akina mamake, na hakuna aliyejiita wa huko. Kwenu ni kwenu. Siku ile nilirudi nyumbani nikikaribia kukimbia, nimeshika bakuli letu tupu, nikamkuta Mama anakuna nazi, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akaendelea kukuna mpaka nazi ikaisha. Kisha akafuta mbuzi ya kukunia kwa kitambaa, akaniambia nikamwulize babangu, na nimwulize akiwa amekwisha kula.

Baba alikuwa mshona kanzu. Cherehani yake ilikaa ukumbini karibu na mlango, na sisi wa ndani tulijua hali yake kwa mlio wake. Ikienda mfululizo, yuko radhi. Ikisita, anafikiri. Ikinyamaza, kila mtu anajitafutia kazi uani. Alipokwisha kula wali na mchuzi wa papa, nilimweleza nikitazama mkeka. Akaniuliza ningelala wapi huko. Nikasema kwa Bibi. Akaniuliza nani angenipeleka na kunirudisha. Mama akasema yeye. Baba akaenda akakaa kwenye cherehani, na tukasikia inakwenda, inakwenda, haisiti. Mama akanibana paja chini ya leso. Hiyo ndiyo ruhusa niliyopewa, na mpaka leo sijapata nyingine iliyonifurahisha kama ile.

Barua niliiandika siku nne. Niliiandikia chumbani kwa Mama, juu ya kifuniko cha kasha lake la nguo, kwa sababu hapo pekee palikuwa na ubao uliolala sawa. Siku ya pili nilikuwa nimefika katikati pale Mama aliponiletea hamri ya moto, tone la mafuta likaangukia neno "hospitali". Nikaanza upya. Niliandika kwamba nimezaliwa Tanga katika nyumba ya bibi yangu, kwamba bibi yangu yu hai, na kwamba napenda kuwaangalia wagonjwa. Mwalimu Agnes alikuwa amesema waombaji hutakiwa kutia hati ya kuzaliwa. Nikaenda kwenye sanduku la Baba, nikaitoa ile aliyonikatia zamani nilipotiwa shuleni, yenye muhuri wa rangi ya zambarau, nikaikunja ndani ya barua. Sikuisoma. Mimi niliyesoma chupa za watu mara mbili mbili, karatasi yangu mwenyewe sikuisoma hata mara moja. Tukavuka na Mama kwa feri kwenda posta, tumevaa mabuibui, na nilipoisikia barua inaanguka ndani ya sanduku la posta nilicheka peke yangu mpaka Mama akaniuliza kama nimepatwa.

Wiki za kungoja zilikuwa na utamu wake. Shangazi Rukia, dada yake Baba, alikuwa akija kila alasiri kutusaidia kubambua mbaazi, na kila alasiri alikuwa na lake. Alimpenda Baba kuliko sote, na ulimi wake ulikuwa mkali kwa sababu hiyo. Siku moja nikamsikia akimwambia Mama, kwa sauti ya kunisikilizisha mimi niliyekuwa jikoni, kwamba binti anayeogopa hata kumwamkia muuza samaki ataweza vipi kumtazama mwanamke anayezaa. Mama akasema mwanamke anayezaa hana haja ya kuamkiwa. Shangazi akacheka, lakini hakuacha. Wenzetu wa Tanganyika wakishapata uhuru wao, akasema, watafunga mlango na mtoto wetu yumo ndani. Kisha akaniita kwake, "Mwanamisi! Ndoo hapa." Nikaitika abee, nikatoka. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Ukivaa ile nguo yao nyeupe," akasema, "usije kwangu nayo. Nitadhani jini." Usiku huohuo, kabla ya kulala, nilijiona nimeivaa.

Jibu lilikuja siku ya Jumanne, na alilileta Mwalimu Agnes kwa sababu nilitumia anwani ya shule. Nilikuwa nafua. Nikafuta mikono kwenye leso, nikaisoma pale pale uani, polepole, na furaha ikanipanda kisha ikasimama njiani. Hawakunikataa. Walisema wanaweza kunifikiria. Ila barua yangu inasema nimezaliwa Tanga, na hati niliyoituma inasema nimezaliwa Likoni, imeapiwa na baba mzazi. Moja kati ya hayo si kweli. Niende mwenyewe kwa mahojiano siku waliyoitaja, na niende na shahidi wa kuzaliwa kwangu, au na hati iliyosahihishwa.

Cherehani ikanyamaza. Ukuta wa ukumbini haukufika juu, kama kuta za nyumba zetu nyingi za makuti, na Baba alikuwa amesikia kila neno Mwalimu Agnes alilonisaidia kulitamka. Mwalimu akaaga. Mimi nikarudi kwenye beseni nikaisugua shuka ambayo ilikwisha takata, na juu ya ukuta nikawasikia wazazi wangu wakisemezana. Baba alisema karani alimwuliza mtoto kazaliwa wapi, naye akamjibu kama angejibu baba yeyote. Mtoto wake kazaliwa kwake. Mama akamkumbusha, kwa upole, kwamba yeye Mama alikuwepo. Baba akasema lile ni jambo la wanawake, kwenda kujifungua na kurudi, na serikali haikuwa ikiuliza mambo ya wanawake. Kisha akasema maneno yaliyonishusha moyo.

"Niliapa, mama Mwanamisi. Niliweka mkono juu ya Msahafu. Sasa nirudi kwa karani yule yule nimwambie niliapa uongo?"

"Hukuapa uongo. Ulikosea."

"Mbele ya watu hakuna tofauti."

 Mama akatoka uani, akainama kana kwamba ananisaidia kukamua shuka, akanong'ona kuwa hakuna neno, tutamchukua Bibi awe shahidi. Bibi ndiye aliyenipokea nilipotoka tumboni. Nani angebishana naye? Moyo wangu ukaruka tena mahali pake. Tulisafiri kwa basi siku mbili kabla ya mahojiano, kapu la Mama limejaa mikate ya sinia, na njia nzima nilikuwa najisomea kimya majibu niliyoyaandika kwenye kipande cha karatasi. Baba alitusindikiza mpaka kwenye basi. Alinipa kitambaa cheupe cha mkononi alichokitia darizi pembeni kwa uzi mweupe, akaniambia nijifutie jasho nisitumie kiganja, halafu akageuka.

Tulipofika Ngamiani ndipo tulipojua kosa letu jingine, na hili lilikuwa la kwetu sote wawili, mimi na Mama. Babu alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Mama alikuja kumzika, alikaa matanga, alimvika mama yake nguo za eda kwa mikono yake mwenyewe. Alijua kabisa kuwa mjane hatoki nje ya nyumba miezi minne na siku kumi. Ila kule Likoni, katika ile raha yetu, alipokuwa akifikiri juu ya Bibi kuwa shahidi, alimwona kama alivyokuwa siku zote, amejitanda leso mbili, anakwenda sokoni mbele ya kila mtu. Tulipoingia chumbani tukamkuta amekaa juu ya kitanda cha kamba, amevaa nguo nyeupe tupu, hana wanja wala pambo, madirisha yamerudishwa nusu, na sote wawili tukaelewa kwa mara moja. Mama akakaa chini pale pale mlangoni. Bibi akauliza kuna nini, nani tena amekufa.

Nilipomweleza alicheka mpaka akakumbuka kuwa yuko katika eda, akajiziba mdomo. Akaniambia niende mahojiano yangu, nimwambie huyo mzungu wao kwamba shahidi yupo, ana macho na ana ulimi, ila hatoki. Anayemtaka amfuate.

Hospitali ilikuwa imepakwa chokaa, na sakafu zilinuka dawa kali iliyonipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Niliipenda harufu ile papo hapo. Tulikuwa wasichana wengi tumekaa kwenye benchi ndefu, na wenzangu walizungumza kama watu waliojuana tangu utotoni, mimi nikikikunja na kukikunjua kitambaa cha Baba. Ndani walikuwa watu wawili: metroni, bibi wa Kiingereza mwenye Kiswahili cha kuamrisha, na muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, Bi Tatu, mwanamke wa Pangani, mnene, mwenye saa iliyobanwa kifuani. Metroni akanipa kipimajoto nikisome. Nikakisogeza dirishani, nikakigeuza mpaka mstari ukaonekana, nikakisoma, nikakigeuza nikasoma tena, kisha nikasema. Akaniuliza kwa nini nimechukua muda mrefu hivyo. Sijui haya zangu zilikwenda wapi. Nilimwambia kuwa kwetu nasomea watu maandishi ya chupa za dawa, na nikikosea mimi, anayekunywa ni mtoto wa mtu.

Metroni akaandika kitu. Bi Tatu akanitazama mara ya kwanza tangu niingie. Kisha wakaitoa hati yangu yenye muhuri wa zambarau, wakaiweka juu ya barua yangu, wakaniuliza shahidi yuko wapi. Nikasema yuko katika eda. Metroni hakulifahamu neno. Bi Tatu akamweleza kwa Kiingereza, maneno mengi, na metroni akatikisa kichwa. Nilijua maana ya kichwa kile. Nikakusanya kitambaa changu. Lakini Bi Tatu akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya mchicha, nyumba ya bibi yangu iko mtaa gani, na kama alasiri ile atakuwepo. "Atakuwepo," nikasema. "Hana pa kwenda." Bi Tatu akacheka kwa tumbo lote, na metroni akatutazama sote wawili bila kufahamu.

Alikuja kabla ya magharibi, amevua kofia yake ya kazi na kujitanda leso. Akaingia kama waingiavyo wanawake kwa mwenye eda, akatoa pole, akakaa mkekani, akaletewa kahawa na mkate wa sinia. Walizungumza juu ya marehemu, juu ya Pangani, juu ya bei ya samaki. Mimi nilikaa pembeni nikitamani mtu aanze. Mwisho Bi Tatu akasema amekuja kwa ajili ya mtoto huyu. Bibi akasema, uliza. Na Bi Tatu akauliza kama mkunga anavyomwuliza mkunga. Uchungu ulianza saa ngapi? Nani alimshika mgongo? Kitovu kilikatwa kwa nini, kikafungwa na nini, kikaanguka siku ya ngapi? Bibi akajibu yote bila kusita, akionyesha kwa kidole: hapa palikuwa na mkeka, pale alikaa kungwi, kiwembe kilichemshwa katika sufuria ile ile ambayo mama yako, Mwanamisi, anaitumia sasa kupikia uji. Nilikaa nasikiliza kuzaliwa kwangu kama hadithi ya mtu mwingine.

"Yote nayasadiki, Bibi," akasema Bi Tatu. "Lakini ile hati ina muhuri."

"Huyo mwenye muhuri," Bibi akasema, "alikuwamo chumbani?"

Bi Tatu akainama akajifuta macho kwa kicheko. Bibi akanyanyuka kwa kushika ukuta, akatuchukua uani, ambako mwenye eda anaruhusiwa kufika, akaweka kiganja juu ya mnazi uliokuwa karibu na choo. Hapa ndipo kilipozikwa kitovu cha mtoto huyu, akasema, na mche ukapandwa juu yake. Bi Tatu akaanza kuhesabu makovu ya makuti yaliyokwisha dondoka, moja baada ya moja kutoka chini, mpaka mkono wake ukawa haufiki tena. Akaacha, akasema inatosha, umri wa mnazi ni sawa na wa mtoto. Kisha Bibi akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimepata kulisikia, na Mama naye alilisahau au aliliacha lisahaulike.

"Shimo alichimba babake. Alikuja siku ya saba kutoka Likoni. Nikamwambia mwanangu, tutamwita kibarua, we mkono wako ni wa sindano. Akakataa. Akachimba mwenyewe mpaka viganja vikatoka malengelenge, wiki nzima hakuweza kushona."

Bi Tatu aliandika ushahidi wa Bibi kwa mkono wake, Bibi akatia dole gumba. Lakini mlangoni akaniambia ukweli. Yeye amesadiki, na metroni atamsikiliza. Ila nafasi ni chache, na mwenye hati mbili zisizopatana ndiye wa kwanza kukatwa. Kama baba angesahihisha ile ya kwanza, hakuna ambaye angekuwa na la kusema. Nikamwambia babangu aliapa. "Basi mwambie alilolisema nyanyako," akasema. "Usiongeze neno."

Tulirudi Likoni mchana. Baba alikuwa anatia darizi kanzu ya bwana harusi, na Shangazi Rukia alikuwa amekaa kwenye kizingiti anamsimulia kitu. Nilimwamkia Baba shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza Bibi hajambo. Hapo nilikuwa na hiari ya kusema hajambo na kuingia ndani, ndivyo ningefanya siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Nikabaki nimesimama. Nikamsimulia tangu mkeka ulipowekwa mpaka kiwembe, mpaka mnazi, mpaka malengelenge, polepole, kama ninavyosoma chupa, nikiangalia nisiruke neno. Shangazi akamgeukia kaka yake. "We ulichimba?" akamwuliza. "Na hapa ulituambia umejichoma na pasi." Baba alikuwa ameshika sindano hewani. Akaitazama mikono yake yote miwili, juu na chini. Akamaliza ua moja la darizi, akaikunja kanzu, akaingia ndani, akatoka amevaa kofia yake ya Ijumaa, na ilikuwa Jumatatu.

Aliyotuambia baadaye hayakuwa mengi, kwa hiyo nayaandika kama yalivyo. Karani alikuwa yule yule, amezeeka. Watu walikuwa wengi ndani, na baadhi yao walikuwa wamevaa kanzu alizozishona yeye. Karani akamwuliza, mbele yao wote, sasa unasema siku ile uliapa uongo? Baba akamjibu, "Nimekosea. Mwandike Tanga. Shimo la kitovu chake nilichimba mimi." Mtu mmoja nyuma akasema na mwanawe kazaliwa Vanga, mwingine akasema wanawe wawili wamezaliwa Wasini, na karani akawaambia wanyamaze maana hakuja pale kuandika upya pwani nzima. Baba alitupa mkono hewani alipofika hapo, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona anajisifu. Hati mpya ilipelekwa Tanga kwa posta. Mwezi uliofuata nilivaa ile nguo nyeupe. Shangazi Rukia ndiye aliyeishona, kwa cherehani ya Baba, na alinivalisha yeye, akanizungusha mara mbili akitafuta kasoro.

Nilisoma Tanga, nikalala chumbani kwa Bibi, na asubuhi zote nilipiga mswaki chini ya ule mnazi. Kisha nikarudi kwetu, na kwa miaka mingi nikapokea watoto Likoni na Mtongwe na mpaka upande wa Changamwe nilipohamishwa. Baba alikufa nikiwa kazini. Wakunga wenzangu walinicheka kwa jambo moja. Penye mstari wa mahali alipozaliwa mtoto, wao waliandika neno moja. Mimi niliandika nyumba ya nani, mtaa gani, na kama mstari ulitosha, chumba. Nilichelewa kumaliza kazi kila siku kwa ajili hiyo. Kila nilipoandika nilimwona Baba amesimama mbele ya watu wenye kanzu zake, amevaa kofia ya Ijumaa siku ya Jumatatu.

Saumu ameniahidi kuniletea mche wa mwisho wa mnazi ule. Aliuokota kando ya shina, umekwisha chipua. Nitaupanda hapa nyuma ya jiko, na shimo nitachimba mwenyewe, hata likinichukua wiki. Nawe unayesoma, kama ulizaliwa kwa akina mamako, au kama nilikupokea mimi, niandikie. Niambie nyumba ya nani, kitovu kilizikwa wapi, na nani alichimba. Ukiwa hujui, muulize aliyebaki, kisha uniandikie. Mwandiko wako usikutie haya. Nitausoma polepole, na nikimaliza nitausoma tena.